Rangi Aliyoniuliza Baba

Majuzi nilisimama kwenye bucha moja pale Sultan Hamud, nimeagiza mbavu, na kijana wa bucha akawasha mashine yao ya kukatia mifupa. Mfupa ulipokutana na meno ya msumeno ukatoa moshi mdogo, na ile harufu ya mfupa ulioungua na chuma kilichopata moto ikanijia puani. Nikasahau nilichokuwa nimeagiza. Kijana akaniuliza, "Mathe, nikate size gani?" Mimi nimekodoa macho tu. Akauliza tena. Wateja waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna, na walikuwa na haki, kwa sababu saa hiyo sikuwa Sultan Hamud. Nilikuwa nyumbani kwetu, nje kidogo ya Matiliku, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na baba alikuwa akiniuliza swali.

Msumeno wa mashine hizo si kama wa mkono. Ni ukanda mrefu wa chuma, mwembamba, wenye meno upande mmoja, na ncha zake zimeunganishwa zikawa duara linalozunguka juu ya magurudumu mawili. Wenye bucha hukatia mifupa, maseremala hukatia mbao. Sisi tuliuita bledi tu. Bledi ikichoka hukatika, na ikikatika watu wengi huitupa wakatafuta nyingine. Baba yangu alikuwa fundi wa kuziunga. Zililetwa kwetu kutoka Emali, kutoka Wote, nyingine kutoka ng'ambo ya mto Athi huko Kitui, zimekunjwa na kufungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

Bledi za maseremala hazikuwa na shida, zilinukia mbao. Za bucha zilikuja na mafuta ya ng'ombe yaliyogandia katikati ya meno, na kila ilipofika moja, mbwa wa kijiji kizima walikuja kufanya mkutano langoni kwetu. Mama alizichukia. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mtu ambaye hata kitambaa cha kichwa alikipiga pasi, na alikuwa ametangaza kwamba mguu wake hautakanyaga chumba kile. Alimpa baba beseni lake, sabuni yake ya unga na kamba yake ya kuanikia. Akamwambia, "Baba Mbithe, hiyo ng'ombe yako uoshee huko huko nyuma." Mbithe ni mimi.

Kuunga bledi si kazi ya haraka. Baba alisugua ncha zote mbili kwa tupa hadi zikakaa mshazari, akazilaza moja juu ya nyingine, akihakikisha meno yote yanatazama upande mmoja. Katikati aliweka kipande chembamba cha fedha ya kuunganishia pamoja na unga mweupe wa boraksi, akabana, akawasha moto wa gesi. Fedha ilipoyeyuka ilimeta, na hapo hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Taabu ilikuwa baadaye. Chuma kilichotoka kwenye moto mkali na kupoa haraka huwa kigumu mno, na kikiwa kigumu mno huvunjika. Lazima kirudishwe kwenye moto pole pole, hadi kitoe wekundu wa mbali sana, ule usioonekana penye mwanga, kisha moto uondolewe kidogo kidogo. Ukipitiliza umeharibu, na usipofika umeharibu vile vile. Ndiyo maana chumba hakikuwa na dirisha, na mlango ulifungwa mchana kweupe. Majirani walisema wanayoyasema watu wakiona Mkamba amejifungia na moto gizani, yaani uchawi, lakini walisema kwa sauti ya chini, na bledi zao walizileta.

Wekundu huo ulipokaribia, baba alinigeukia. "Mwaitu, imefika?"

Mwaitu kwa Kikamba ni mama. Mimi nimepewa jina la susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, na kwetu mtoto aliyepewa jina la mtu huchukuliwa kuwa ndiye mtu huyo. Baba hakuniita Mbithe hata siku moja, maana nani humwita mama yake kwa jina? Nilipoingia alinipisha kiti. Alipokosana na mama alikuja kunishtakia, nami nilimsikiliza nimekunja mikono, miguu yangu haifiki sakafuni. Susu alifariki nikiwa bado sijui kusoma. Kigoda chake kilibaki mle chumbani karibu na moto, mahali alipozoea kukaa, na watu wote walijua alikaa pale kwa sababu mifupa ya wazee hupenda joto. Nilikirithi pamoja na jina.

Basi mtanielewa nilivyolichukua lile swali. Niliamini baba ananiomba ruhusa. Kwa akili yangu, mwana mwenye adabu hamalizi kazi kabla mama yake hajasema sawa, na baba alikuwa mwana mwenye adabu kupita wote Makueni nzima. Nami nilikuwa mama mkali.

"Mwaitu, imefika?"

"Bado. Iko tu nyeusi."

"Na sasa?"

"Inakuja. Iko kama udongo. Ngoja, mwanangu, usiharakishe."

"Nangoja."

"Iko kama figo. Sasa. Toa moto, toa pole pole."

Naye alitoa pole pole. Bledi ikishapoa aliikunja kwenye goti lake, ikapinda vizuri bila kulia, nami nikamwambia, "Umefanya vizuri." Akajibu, "Asante, mwaitu," bila kucheka hata kidogo. Sijui kama kuna mtoto mwingine aliyewahi kuwa na maisha ya enzi kama yale. Shuleni walimu walinilalamikia kwamba nina kiburi, na mama alikubaliana nao kabisa.

Nilipomaliza mtihani wa darasa la nane nilipelekwa Tseikuru kwa dada ya mama, anayefuga mbuzi. Nilikaa huko nikinywa maziwa na kuchomwa na jua. Desemba ilikuwa imeingia, na Desemba kwetu ni mwezi wa nyama, harusi hapa, mahari pale, watu wakirudi kutoka Nairobi wakitaka kuchoma. Bledi za bucha hukatika sana mwezi huo. Nilirudi nyumbani siku moja asubuhi, na kabla sijafungua mfuko wangu, pikapu ikasimama langoni. Aliyeshuka alikuwa Bwana Athumani, mwenye bucha kule Sultan Hamud, mkono wake umefungwa bandeji kutoka kiganja hadi kwenye kiwiko.

Bwana Athumani alikuwa mteja wa zamani. Wazee wake walikuja bara pamoja na reli, wakabaki, lakini Kiswahili chao hawakukiacha pwani. Sisi tuliokuwa tukichanganya Kikamba, Kiingereza na kubahatisha tulimsikiliza kwa heshima, hata alipokuwa akiuliza bei ya mbuzi tu. Siku hiyo hakuomba maji, hakuuliza habari za mifugo. Alikuwa na bledi iliyokatika, akamwekea baba mikononi.

"Fundi, mimi sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja unitazamie. Huu mkanda uliniungia wiki iliyopita. Umekatika unazunguka, ukaruka, ukanipiga. Alhamdulillahi haukunipata usoni. Miaka yote hii hakuna kazi yako iliyonivunjikia. Leo kuna nini?"

Baba aliigeuza ile bledi. Palipokatika ni ubavuni mwa kiungo chenyewe, pamevunjika safi kabisa kama biskuti. "Haikupata moto vile inafaa," akasema.

"Kwa nini?"

Baba akaendelea kuigeuza bledi. Majirani waliofuata pikapu walikuwa wameanza kusogea.

"Niambie lolote, fundi. Ukisema ulikuwa mgonjwa siku hiyo, nitaelewa. Ukininyamazia, kazi nitaipeleka kwingine, na wenzangu nitawaambia wafanye hivyo hivyo. Mkono huu ndio unaolisha watu nyumbani kwangu."

Nilimwona baba anavyoinamisha kichwa, na hasira zikanipanda. Hakuna mama anayependa kuona mwanawe akihojiwa mbele ya watu. Nikapita katikati yao, na vumbi langu lote la Tseikuru, nikasema, "Ni juu mimi sikukuwa nyumbani! Hakuna bledi hutoka hapa kama sijasema imefika. Huyu aliifanya bila ruhusa yangu."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Athumani mwenyewe alicheka hadi akaushika ule mkono uliomuuma. "Basi kumbe mwenye makosa ni wewe, bibi," akasema. "Haya, usisafiri tena. Nitaleta nyingine, lakini bibi awepo." Akaingia kwenye pikapu akiendelea kutikisa kichwa.

Niliona nimemwokoa baba, nikageuka kupokea shukrani zangu. Baba hakuwa akicheka. Jasho lilikuwa likimtoka, na alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kutazamwa na yeyote, akionekana kunishukuru na kuniogopa kwa pamoja. Kwenye mlango wa jikoni mama naye hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika sufuria tupu, na macho yake hayakuwa kwangu hata kidogo. Yalikuwa kwa baba.

Kesho yake mama alifanya jambo lisilo la kawaida. Alimpa baba kikapu akamwambia, "Baba Mbithe, nichumie nyanya pale shambani. Zile zimeiva." Baba hakuwahi kutumwa nyanya. Enzi za susu, susu alizichuma mwenyewe na kumfukuza baba kitaluni akisema ana mikono mibaya, na mama alipoolewa aliona ni namna ya mwanamke kumdekeza mwanawe wa pekee, akanyamaza. Siku hiyo baba alichukua kikapu, akainama kwenye mstari wa kwanza. Alishika nyanya, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiacha. Akashika ya pili, akaibonyeza, akaichuma. Hivyo hivyo mstari mzima, nyanya kwa nyanya, hata zile zilizokuwa kijani kabisa na zile ambazo wekundu wake ungeonekana ukiwa barabarani. Mama alimtazama kutoka dirishani hadi mwisho. Nilidhani amekasirika kwa sababu nyanya zinabonyezwa, nikamtetea baba kwamba anazichagua vizuri. "Naona," mama akasema. Baba alipoleta kikapu, zote zilikuwa zimeiva. Mama akamwambia asante.

Nyinyi mmeshaelewa. Mimi ilinichukua miaka mingi, hadi nikapata mtoto wa kiume ambaye alichora ng'ombe wa kijani akashangaa tunamcheka, na daktari wa macho akaniuliza kama upande wa baba yangu kuna mtu wa namna hiyo. Baba alizaliwa bila kuuona wekundu. Mbichi na mbivu kwake zilikuwa rangi moja, na ule wekundu hafifu wa chuma gizani kwake haukuwa rangi yoyote, ulikuwa giza. Susu alilijua jambo hilo tangu baba akiwa mtoto, akalificha pamoja naye. Ujanani baba alienda kutafuta kazi ya reli, akaonyeshwa rangi rangi, akarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Alieleza watu kwamba alikosa kimo. Ni mtu ambaye alijigonga kichwa kwenye kila mlango wa nyumba yetu, lakini aibu haiangalii vipimo. Na susu hakukaa kwenye kile kigoda kwa ajili ya joto.

Lakini wakati ule nilijua tu kwamba mimi ni mwaitu. Matokeo yalipotoka nikaitwa shule ya bweni upande wa Kitui, shule nzuri, ya mbali. Baba alifurahi hadi akawa mtu wa kuchosha. Alisimamisha watu njiani wakiwa wamebeba mizigo yao, akawaambia. Alinichongea sanduku mwenyewe. Halafu, katikati ya furaha hiyo, akaanza kuwarudisha wateja. Seremala alikuja na bledi, baba akamwambia gesi imeisha. Akaja mwingine, gesi imeisha. Nilikuwa nimeutikisa ule mtungi mimi mwenyewe, nao ulikuwa umejaa.

Hapo nikaogopa. Baba yangu hakuwa mwongo, na alikuwa akidanganya watu huku akinitazama kwa kona ya jicho, akitabasamu, akiuliza kama nimenunuliwa soksi. Nilipiga hesabu kwa akili ile niliyokuwa nayo. Mama yake anaondoka, hatakuwa na wa kumpa ruhusa, kwa hiyo anafunga kazi. Nililala juu ya jambo hilo, na asubuhi nikaenda chumbani nikamkuta akipanga tupa zake ndani ya gunia, akizipaka mafuta moja moja, vile mtu anavyopaka vitu ambavyo hatavitumia karibuni. Nikaketi kwenye kigoda.

"Mwanangu," nikasema, "hiyo shule siendi. Nimekataa. Nitasoma hapa ya kutwa."

Nilitarajia atashukuru. Aliweka tupa chini, akajipangusa mikono, akachuchumaa mbele yangu tukawa sawa kwa sawa.

"Mbithe," akasema.

Nilishtuka. Sikuwahi kulisikia jina langu likitoka kinywani mwake.

"Mbithe, nisikize. Mwaitu alikufa. Mimi ndiye nilimzika, na wewe ulikuwa hapo umebebwa mgongoni. Wewe ni msichana wangu. Mimi ndiye baba yako, na nimesema unaenda shule."

"Na bledi?"

"Wachana na bledi."

"Na nani atakuambia imefika?"

Akarudi kwenye gunia lake. Nikatoka mbio nikajitupa nyuma ya nyumba, chini ya kamba ambapo mama alikuwa akianika sare yangu mpya baada ya kuilowesha, nikalia kwa uchungu ambao nikiukumbuka bado naweza kuusikia kifuani. Sikulia kwa sababu ya shule. Nililia kwa sababu nilikuwa nimevuliwa cheo. Kuambiwa mimi ni mtoto kuliniuma kuliko kiboko chochote. Mama aliendelea kuanika. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mabati, na kila neno lilikuwa limemfikia. Hakunibembeleza. Aliisimamia ile sketi muda mrefu akiinyoosha mikunjo isiyokuwepo.

Siku ya kwenda ilifika. Bwana Athumani alikuwa anaenda Kitui kutafuta mbuzi, akawa amekubali kutubeba mimi na mama. Mkono wake ulikuwa umepona, limebaki kovu. Alishuka kwenye pikapu na bledi iliyokatika begani. "Fundi," akasema, "bibi anaondoka leo. Tuunge hii kabla hajaenda, maana nimeahidi sitaleta kazi asipokuwepo."

"Gesi imeisha, Bwana Athumani," baba akasema. Alisema kwa upole, amezoea.

Mama alikuwa amesimama karibu na sanduku langu, amevaa gauni lake la Jumapili, kitambaa kimenyooshwa, mkoba kwenye mkono, tayari kwenda kuonana na walimu. Aliuweka mkoba juu ya sanduku. "Gesi iko," akasema. Akaichukua ile bledi kutoka begani mwa Bwana Athumani, na mafuta yake yote, akaenda nayo hadi chumbani kwa baba, akainama mlangoni, akaingia. Mimi na baba tulitazama lile giza alimoingia. Kisha sauti yake ikatoka, ile ile ya kupanga viti kanisani. "Baba Mbithe, kuja ufunge mlango."

Baba alienda kama mtu aliyeitwa na chifu. Bwana Athumani akaniuliza, "Na wewe bibi, huingii?" Nilisogea nikaweka sikio kwenye bati.

Nilisikia tupa ikifanya kazi, muda mrefu. Nikasikia gesi ikiwashwa, ikanguruma, ikapunguzwa. Fedha imeshayeyuka, nikawaza, sasa anangoja ipoe. Gesi ikawashwa tena, ndogo. Nilijua ni wakati wa lile swali, na lile swali halikuja. Nikalibana sikio zaidi kwenye bati, maana chuma hakimngojei mtu.

"Mama Mbithe," baba akasema hatimaye. Sauti yake haikuwa na nguvu.

"Nasikia."

"Hii rangi mimi siioni. Sijawahi kuiona."

"Najua," mama akasema. "Nilikuona kwa zile nyanya za shamba." Kisha, kwa haraka, "Angalia kazi, usiniangalie mimi. Mimi sijui maneno ya figo, nitakuambia vile naona. Bado. Bado. Ngai wakwa, kumbe inakuja pole pole hivi! Bado kidogo. Hapo, Baba Mbithe. Hapo hapo. Toa."

Nilisimama pale nje na sare yangu mpya nikaona wivu mkali, wivu wa mama mkwe ambaye mwanawe wa pekee ndiyo ameoa sasa hivi. Nilitaka kugonga bati niseme haijafika. Kupitia tundu la msumari niliuona ule wekundu kabla haujafifia, nao ulikuwa umefika kabisa, sina la kusema. Nilisikia tu mtu mmoja akivuta kamasi, na mpaka leo sijui alikuwa nani kati yao.

Mama ndiye aliyetoka kwanza, mafuta ya ng'ombe kwenye gauni la Jumapili kutoka kifuani hadi pajani, hana habari. Akachukua mkoba wake akapanda pikapu. Baba alikuja nyuma, akampa Bwana Athumani bledi yake, akaniwekea sanduku nyuma ya gari. Kisha akaniwekea kiganja kichwani, vile watu wanavyowawekea watoto.

"Haya, Mbithe," akasema, "enda."

Nikaenda.